Panzanella: Jinsi ya Kuandaa Saladi ya Mkate na Nyanya ya Toscana

Panzanella ni chakula cha mkate. Nyanya, kitunguu, tango na mrehani vinakuja kama kitoweo, na mafuta ya zeituni pamoja na siki ndiyo mchuzi wake. Nalisema hili mapema kwa sababu karibu kila panzanella mbovu imetoka kwa mpishi aliyeipanga kinyume: alitengeneza saladi nzuri ya nyanya, kisha dakika ya mwisho akatupia vipande vya mkate juu yake. Mkate wa namna hiyo ama hubaki mkavu ukakwaruza kinywa, ama hulowa ovyo ukageuka uji. Huko Toscana, mkoa wa Italia ya kati ambako chakula hiki kina kwao, kazi nzima inaanzia kwenye mkate uliolala siku mbili tatu. Nyanya hufuata.

Msimu wake ni kiangazi cha Italia, Juni hadi Septemba, nyanya zinapoivia shambani na hakuna anayetaka kuwasha jiko mchana. Hakipikwi. Unahitaji bakuli kubwa na pana, kisu kikali, chujio, mikono yako miwili, na saa moja au mbili za kukiacha kitulie.

## Kwa nini mkate mkavu

Familia za wakulima wa Toscana zilikuwa zikioka mara moja kwa wiki katika tanuri la kuni. Mikate ilikuwa mikubwa, na kufikia mwisho wa wiki ilikuwa migumu kama ubao. Kuutupa hakukuwa jambo la kufikirika, kwa hiyo ukazaliwa ukoo mzima wa vyakula vinavyouhitaji mkate katika hali hiyo hiyo ya ugumu. Wakati wa baridi kuna ribollita, supu nzito ya maharage na mboga za majani. Kuna pappa al pomodoro, mkate uliopikwa ndani ya nyanya mpaka ukalainika kabisa. Na kwa ajili ya joto kuna panzanella.

Mkate wenyewe una sifa moja inayowashangaza wageni: hauna chumvi. Ni unga wa ngano, maji na chachu ya asili, basi. Simulizi inayopendwa ni kwamba mji wa Pisa, uliokuwa ukishika njia ya bahari, uliwabania chumvi wenyeji wa Firenze, mji mkuu wa Toscana, katika zama za kati. Wengine hutaja kodi ya chumvi. Vyovyote ilivyokuwa, desturi hiyo imeshikiliwa mpaka leo, na tangu 2016 mkate huo, kwa jina la Pane Toscano, unalindwa na Umoja wa Ulaya kwa alama ya DOP, inayotolewa kwa bidhaa za asili ya mahali maalumu. Kwa mpishi wa panzanella, maana yake ni kwamba chumvi yote ya chakula inatoka mkononi mwako, na mkate wenyewe haushindani ladha na nyanya wala mafuta.

Nyanya ni mgeni aliyechelewa. Mchoraji Bronzino wa Firenze, aliyeishi kati ya 1503 na 1572, aliandika shairi la kusifu vitunguu, na humo anaitaja saladi ya vitunguu vilivyokatwakatwa pamoja na matango. Nyanya hazimo. Kumbukumbu za familia ya Medici, watawala wa Firenze, zinaonyesha kikapu cha nyanya kikipokelewa Pisa mwaka 1548, lakini kwa muda mrefu tunda hilo lilitazamwa kama kitu cha ajabu cha bustanini kuliko chakula. Kwa hiyo ukikosa nyanya nzuri, panzanella ya kitunguu na tango bado ina asili yake. Ukikosa mkate mzuri, ahirisha.

## Mahitaji kwa watu wanne

- Mkate mkavu, gramu 400
- Nyanya zilizoiva vizuri, gramu 600
- Kitunguu chekundu kimoja cha wastani
- Tango moja
- Majani ya mrehani, konzi moja
- Mafuta ya zeituni, vijiko vikubwa 6
- Siki ya mvinyo mwekundu, vijiko vikubwa 3, na ziada ya kulowekea
- Chumvi na pilipili manga

Kwenye chupa ya mafuta tafuta maneno *extra vergine*. Mafuta hapa hayapikwi, yanaliwa mabichi, na kila kasoro yake utaionja. Siki ya mvinyo ndiyo ya asili. Asiyependa kutumia kitu kilichotoka kwenye mvinyo achukue siki ya tufaha, italeta ukali wa kutosha bila kuharibu chochote. Siki ya balsamiko iache: ni tamu, na inaupaka mkate rangi ya kahawia.

## Kuchagua mkate, au kuuoka

Tafuta mkate wenye ganda gumu na matundu ndani, uliotengenezwa bila maziwa, siagi wala sukari. Mkate laini wa kukatwakatwa unaouzwa kwenye mfuko wa plastiki haufai hata ukikauka. Sukari na mafuta vimeufanya uwe mororo, na ukiingia majini unasambaratika. Katika miji ya Burundi na Kongo ile mikate mirefu ya Kifaransa inapatikana kwa urahisi na inafaa. Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wamekaa kwa miongo mingi, si ajabu kupata mkate wa Kiitaliano wenyewe. Kwingine, ulizia mkate wa ngano wa ganda gumu unaookwa kwa unga, maji, hamira na chumvi tu. Chumvi kidogo ndani ya mkate si kikwazo, ilimradi upunguze ile utakayoiongeza mwenyewe.

Ukitaka kuuoka nyumbani, anza usiku. Changanya gramu 150 za unga wa ngano, mililita 100 za maji na chembe chache tu za hamira, funika, acha mezani mpaka asubuhi. Utakuta mchanganyiko umeumuka, una mapovu na harufu ya uchachu mwepesi. Ongeza gramu 350 za unga, mililita 230 za maji ya uvuguvugu na nusu kijiko cha chai cha hamira. Kanda dakika 10. Usitie chumvi, na kwa sababu hiyo kaa macho: chumvi ndiyo huipunguzia hamira kasi, kwa hiyo kinyunga hiki kitaumuka haraka kuliko ulivyozoea, hasa kwenye joto la pwani. Kikishaongezeka mara mbili, kiviringe kiwe mkate mmoja wa mviringo, kiache kiumuke tena dakika 45 hivi, kisha oka kwenye nyuzi 220 kwa dakika 40 hadi 45. Ugonge chini kwa kidole. Ukitoa sauti ya kitu chenye uwazi ndani, umeiva. Ganda litakuwa limepauka kidogo kuliko la mkate wenye chumvi, na hiyo ni kawaida.

Sasa uache ulale. Mkate hukakamaa hata bila kupoteza maji: wanga ulioiva tanurini huanza kujipanga upya na kukaza mara tu mkate unapopoa, ndiyo maana hata uliofungwa vizuri huwa mgumu. Baridi ya friji inaharakisha ukakamavu huo. Sisi tunataka vyote viwili, ukakamavu na ukavu, kwa hiyo mahali pake ni mezani, ndani ya kitambaa au mfuko wa karatasi, siku mbili au tatu. Usiufunge kwenye plastiki.

Wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar wana tatizo lao: unyevu wa hewa huotesha ukungu kabla mkate haujakauka. Dawa ni kuukata vipande vya sentimita 2 siku ya pili na kuviweka kwenye oveni ya nyuzi 110 kwa nusu saa, ukivigeuza mara moja. Vikauke tu, visibadilike rangi. Asiye na oveni avikaushe kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo sana. Mkate ulioota ukungu hata sehemu moja utupe wote, kwa sababu mizizi ya ukungu husambaa ndani bila kuonekana.

## Hatua ya kwanza: kitunguu

Anza nacho kwa kuwa kinahitaji muda. Kikate vipande vyembamba kadiri kisu chako kinavyoweza, vitumbukize kwenye maji baridi yenye kijiko kikubwa kimoja cha siki, acha dakika 20 hadi 30. Ule ukali unaowasha macho hutokea kisu kinapopasua chembehai za kitunguu na kemikali zenye salfa zilizomo kukutana na vimeng'enya vyake. Maji huuosha sehemu kubwa. Wapishi wa kachumbari huvisugua vitunguu kwa chumvi na kuvikamua. Hapa usifanye hivyo, kwa sababu kitunguu kinatakiwa kibaki na mlio kinapotafunwa. Kitakuwa kitu pekee pamoja na tango chenye ugumu ndani ya bakuli zima.

## Hatua ya pili: nyanya

Usizitoe kwenye friji. Nyanya iliyokaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 12 kwa siku kadhaa hupoteza harufu yake nyingi. Firenze wana nyanya zao zenye mifereji mifereji, costoluto fiorentino, na ile nene ya cuore di bue, lakini nyanya yoyote iliyoiva juani na bado imara inafaa. Zikate vipande vya kutafuna mara moja, ukikatia kwenye sahani ili maji yasipotee. Ziweke kwenye chujio juu ya bakuli, nyunyizia kijiko cha chai kimoja cha chumvi, changanya kwa mkono, acha dakika 20.

Chumvi itavuta maji. Yale maji mekundu yaliyokusanyika chini ni mali, kwa sababu ndiyo yatakayoutia mkate ladha. Zile nyanya ndefu za sokoni, zenye nyama nyingi na maji machache, zitakupa kidogo tu. Kwa hizo, chukua nyanya moja ya ziada, ikate katikati, ikwaruze kwenye mbuzi ya jikoni au kikwaruzo cha karoti mpaka libaki ganda tupu mkononi, na rojo lake uliongeze kwenye yale maji.

Tango limenye kama ganda lake ni gumu au chungu, lipasue kwa urefu, ondoa mbegu kwa kijiko, kisha likate vipande vya nusu duara. Kuna Watoskana wasiotaka kuliona kabisa tango ndani ya panzanella. Mimi nalitaka: kwenye joto linaleta ubaridi ambao nyanya peke yake haina.

## Hatua ya tatu: kuloweka na kukamua

Hapa ndipo panzanella inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo nenda taratibu.

Kata mkate vipande vya unene wa sentimita 2 hadi 3, pamoja na ganda lake. Kama ganda ni gumu kiasi cha kushindwa na kisu, livunje kwa mkono. Tia maji baridi lita 1 kwenye bakuli pana na vijiko vikubwa 3 vya siki, kisha laza vipande humo, si vingi kwa pamoja.

Muda wa kuloweka hausomwi kwenye saa. Mkate wa siku mbili unaweza kutosheka kwa dakika 5, na ule uliokauka kabisa ukataka 15 hata 20. Kipimo ni kidole gumba. Bonyeza katikati ya kipande: kikibonyea mpaka ndani bila kugusa kiini kigumu, kiko tayari. Ukisikia kokoto ndani, kirudishe. Kikianza kumomonyoka pembeni na maji kuwa meupe mazito, kitoe mara moja.

Chukua kipande kimoja kimoja. Kiweke kati ya viganja viwili na ukandamize polepole, kwa nguvu inayoongezeka. Maji ya kwanza yatamwagika kwa mkupuo, yakifuatiwa na matone meupe meupe, mpaka matone yenyewe yakatike. Hapo simama. Nguvu ile unayotumia kukamua tui ni nyingi mno hapa, itaubana mkate uwe donge lisilofunguka tena. Ukifungua viganja utakuta kipande kimekuwa bapa, kizito, cha baridi, na alama za mistari ya mikono yako juu yake.

Sasa kifikiche. Kisugue kwa ncha za vidole juu ya bakuli kubwa, kama mtu anayechambua, na mkate utaanguka chembe chembe zenye unyevu, nyingine ndogo kama punje ya mahindi, nyingine kubwa kidogo. Kila chembe ijitegemee. Ganda halitafikichika sawasawa, litatoka vipande virefu vyenye ukakasi kidogo, na hivyo viache, ni vitamu. Mkate ukinata vidoleni mithili ya kinyunga, aidha umelowa kupita kiasi au haukuwa wa aina inayofaa. Mara nyingi unaokoleka: utandaze juu ya taulo safi la jikoni kwa robo saa, kisha uufikiche tena.

## Hatua ya nne: kuchanganya kwa mpangilio

Mpangilio una sababu. Ukitangulia na mafuta, yanazifunika chembe za mkate na siki haipenyi tena. Kwa hiyo anza na majimaji: mwagia mkate yale maji ya nyanya na vijiko 3 vya siki, geuza kwa mikono kutoka chini kwenda juu, subiri dakika 5. Onja chembe moja. Iwe na uchachu unaosikika waziwazi, kwa sababu mafuta yatakuja kuutuliza.

Ndipo utie nyanya, tango, na kitunguu kilichochujwa na kukaushwa. Mimina mafuta ukizungusha mkono, pilipili manga, na chumvi. Kwa mkate usio na chumvi, nusu kijiko cha chai zaidi ya ile ya nyanya ni mwanzo mzuri. Changanya kwa mikono au vijiko viwili vya mbao, kwa upole, ili nyanya zisipondeke.

Funika, weka mahali penye ubaridi kwa saa moja, au mbili ukiweza. Mrehani bado usitie. Majani yake huwa meusi yakikaa kwenye siki, kwa hiyo yachane kwa vidole na kuyachanganya muda mfupi kabla ya kula. Mrehani wa pwani, ule unaopandwa uani kwa ajili ya harufu yake, unafaa kabisa, ila ikiwa ni wa harufu kali tumia majani machache. Usije ukaufananisha na kivumbasi, ambacho kitafunika kila kitu.

Kama uliiweka kwenye friji, itoe nusu saa kabla, kwani baridi huzima ladha ya mafuta na nyanya. Onja upya. Mkate utakuwa umekunywa chumvi na siki, na karibu kila mara utahitaji kuongeza kidogo cha kimojawapo, pamoja na mafuta kijiko kimoja juu yake.

## Namna nyingine

Mikahawa mingi nje ya Italia haiuloweki mkate. Wanaukata vipande vya mraba, wanaupaka mafuta, wanaukausha kwenye oveni mpaka uwe wa dhahabu, kisha wanaulainisha kwa maji ya nyanya peke yake. Ni saladi nzuri, inayofaa hasa mkate wako ukiwa mpya, au ukiwa na mkate usiovumilia maji. Tumia nyuzi 180 kwa dakika 12 hadi 15, ongeza nyanya zifike gramu 900 ili kupata majimaji ya kutosha, na acha ikae dakika 30 badala ya saa mbili. Lakini ni chakula kingine. Ule utulivu wa mkate uliofikichwa, unaolika kama nafaka iliyopikwa vizuri, hautaupata humo.

Roma wanaifanya kwa kipande kizima: mkate unaloweshwa kidogo, unawekewa nyanya zilizokatwa, mrehani, chumvi na mafuta, unaliwa kwa mkono. Kusini zaidi, Puglia na Campania, wana friselle, mikate midogo inayookwa mara mbili mpaka iwe migumu kama jiwe, inayochovywa majini muda mfupi kisha kufunikwa nyanya.

Kuhusu nyongeza, samaki wadogo wa chumvi au tuna wa kopo vinakubalika na vinaifanya itoshe kuwa mlo kamili. Yai la kuchemsha pia, na seleri kwa apendaye. Jibini sipendekezi, inaifanya nzito na kuficha mkate. Kuipakua kando ya samaki wa kuchoma ni sawa kabisa, ingawa Toscana mara nyingi huliwa peke yake mchana.

## Iliyobaki

Ikibaki, iweke kwenye friji na uile kesho yake. Zaidi ya hapo nyanya huchacha na tango hulegea. Siku ya pili itakuwa laini zaidi na yenye uchachu mwingi, kwa hiyo katia nyanya moja mpya, mrehani mpya na mafuta kidogo. Kama imelegea sana, itoe tango, iweke kwenye sufuria na nyanya mbili zilizomenywa, punje ya kitunguu saumu na kikombe cha maji, pika kwa moto mdogo dakika 15 ukikoroga. Itakuwa karibu sana na pappa al pomodoro, ya kuliwa ikiwa vuguvugu.